UZI: Kisu cha trima ya maganda ya risasi kimeacha kula vizuri. Kinolewe, kibadilishwe, au tatizo liko kwingine?

Mlenga_Mbali (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi tulioko Marekani tunaojaza risasi zetu wenyewe kwa ajili ya shabaha na uwindaji. Kwa walioko nyumbani, sheria za huko ni nyingine kabisa: Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna Sura ya 114, na huwezi kujitengenezea risasi bila kibali. Someni kama elimu ya ufundi.

Swali langu ni hili. Trima, yaani kifaa cha kupunguza urefu wa ganda, ni ya mkono, ile yenye muundo wa mashine ya kukerezea: koleti inashika kitako cha ganda, shafti yenye kisu inakuja kutoka upande wa pili, pailoti inaingia shingoni. Kisu ni cha haispidi (chuma kigumu cha kukatia vyuma), meno manne. Nakatia .308 Winchester na .223 Remington. Dalili ni hizi:

- .308 nimeiseti 50.93 mm, lakini maganda yanatoka kati ya 50.91 na 51.03.
- Nje ya mdomo inabaki ndevu ndefu, yaani ule ukingo wa shaba uliojikunja. Ukipitisha kucha inakwama.
- Lazima usukume kwa nguvu ndipo kisu kianze kula.
- Kinachodondoka ni unga, si chenga.

Kisu ndio basi tena? Kama kinanoleka, jino linanolewa upande gani? Kipya kinapatikana, ila nataka kwanza kujua kinachokiua, maana kipya nacho kitaenda njia hiyohiyo.

---

Fundi_Kerezo

Mkuu, dalili ya nne ndiyo inayosema zaidi kuliko zote.

Anza na chuma unachokikata. Ganda ni mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Ile shaba wanayokerezea vali na koki huongezewa madini ya risasi karibu asilimia 3 ili chenga zijikatie zenyewe. Ya maganda haiwekewi, kwa sababu lazima ivutike sana bila kupasuka kiwandani. Kwa hiyo ni laini na inanata. Jino kali linaingia chini ya shaba na kuinyanyua, unapata chenga ndogo zinazong'aa, zimejiviringa kidogo. Jino butu halinyanyui, linasukuma. Shaba inakosa pa kwenda, inatiririka pembeni. Hiyo ndiyo ndevu yako.

Urefu kuyumba kunatokana na hapohapo. Ukisukuma kwa nguvu, ganda linateleza kidogo ndani ya koleti, shafti inapinda kidogo, na kila ganda linapata msukumo tofauti na jirani yake. Kwa sasa hujafika pabaya: kikomo cha .308 ni 51.18 mm, na 51.03 iko ndani. Kwa .223 kikomo ni 44.70 na urefu wa kukatia ni 44.45. Ila usiliache liendelee. Ganda likizidi nafasi ya chemba, mdomo wake unabanwa mwanzoni mwa mtutu, unakumbatia kichwa cha risasi wakati unatakiwa ukiachie, na presha inapanda. Hilo ni jambo la kuumiza mtu.

Kabla ya kukihukumu kisu, kitoe. Kinashikwa na skrubu ndogo ya alen kii. Kiloweke kwenye asetoni au dawa ya kusafishia breki kwa dakika kumi, mahali penye hewa na mbali na moto na baruti, kisha kisugue kwa mswaki wa plastiki. Mabaki yaliyoganda yatoe kwa kijiti cha mwanzi. Usitumie sindano ya chuma, inaweza kung'oa makali badala ya uchafu.

Halafu chukua lenzi ya sonara ya 10x, kaa chini ya taa moja yenye mwanga mkali, na ukizungushe kisu polepole mbele ya jicho. Ukingo mkali haurudishi mwanga, ni mstari mweusi tu pale nyuso mbili zinapokutana. Ukingo butu unaonyesha uzi mweupe, kwa sababu pale juu pana kauso kadogo kalikosagika kanakorudisha mwanga. Ukiona kinundu cha njano kimekaa juu ya jino, hiyo ni shaba iliyojibandika, na jino chini yake huenda bado ni zima kabisa. Visu vingi hutupwa kwa sababu ya hicho kinundu.

Tuambie umeona nini.

---

Bi_Msasa

Naongezea pale Fundi alipoishia, kwa sababu "kinachokiua" ndilo swali zuri zaidi kwenye uzi huu.

Kwa Vickers, kipimo cha ugumu, haispidi ina 800 hadi 900 hivi. Shaba ya shingo ya ganda haifiki hata robo ya hapo, mara nyingi. Shaba safi peke yake inakimaliza kisu polepole mno. Sasa mchanga wa kawaida, kwatzi, uko karibu na 1,100. Yaani mchanga ni mgumu kuliko kisu chako. Maganda ukiyaokota chini kwenye uwanja wa shabaha, kila mdomo uliogusa udongo umebeba msasa. Poda za kung'arishia nazo zimo humohumo, hasa zenye oksidi ya alumini: wanaong'arisha maganda kwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda ya walnati huongeza dawa ya kung'arishia ili iende haraka, halafu vumbi lake linabaki shingoni, ndani kwa ndani.

Mpangilio wa kazi ndio unaolinda kisu:

1. Toa fataki zilizotumika, vile vikofia vya kuwashia baruti kwenye kitako. Hakikisha ganda ni tupu, halina fataki hai wala baruti.
2. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Kijiko kidogo cha asidi ya sitriki kwa lita nne kinasaidia kutoa weusi. Ukizidisha dozi au muda, shaba inageuka pinki, maana yake zinki ya juu imeanza kuondoka.
3. Suuza mara mbili. Kausha kabisa. Ovenini usizidi nyuzi 120 za Selsiasi.
4. Paka mafuta, saizi kwenye dai (kalibu inayolibana ganda lirudi kwenye vipimo vyake), kisha futa mafuta yote.
5. Hapo ndipo unapunguza urefu.

Kusaizi kunatangulia kwa sababu dai ndiyo inayolirefusha ganda: inabana mwili, shaba inapanda kuelekea mdomoni. Ukikata kwanza ukasaizi baadaye, kipimo chako hakina maana. Na kufuta mafuta baada ya dai si suala la usafi tu. Mafuta yakibaki yanashika chenga, yanazifanya ugali kwenye mifereji ya kisu, na jino linaanza kukata chenga zilezile mara ya pili na ya tatu.

Wanaoosha kwa pipa la kuzungusha lenye pini za chuma cha pua, chunguzeni kila mdomo kwenye mwanga kabla ya kukata. Pini moja iliyokwama shingoni inang'oa jino la kabaidi, ile ngumu kuliko haispidi, kwa mzunguko mmoja. Saa moja au mbili pipani inatosha. Ukiacha usiku kucha, midomo inagongana hadi inafura.

Jambo jingine, kwa kuwa Brasso iko kila nyumba ya kwetu: usiitumie kwenye maganda. Ina amonia, na amonia ikikutana na shaba iliyo kwenye mkazo inaipasua. Jeshi la Uingereza lililiona hilo kule India zamani, maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yakipata nyufa msimu wa mvua, kwa sababu ya amonia ya mkojo. Ganda lenye ufa halina cha kupunguzwa, linatupwa.

---

Jicho_Moja

Wadau, mbona mnazunguka? Chukua kioo cha dirisha, bandika msasa wa 1000, simamisha kisu wima, kizungushe mara ishirini. Meno yote yanakuwa sawa na yanang'aa. Dakika mbili kazi imeisha.

---

Fundi_Kerezo

@Jicho_Moja ndugu, meno yatakuwa sawa kweli, na yatang'aa kweli, lakini hayatakata. Nieleze kwa nini, maana ushauri huu unarudi kila mara.

Jino lina nyuso mbili. Uso wa mbele ndio unaotazama shaba inakotoka, ule wa kwenye mfereji. Mgongo ni ule wa kwenye ncha, unaotazama mdomo wa ganda. Mgongo hauko bapa. Umeinamishwa nyuma kwa nyuzi chache ili makali tu ndiyo yaguse, sehemu iliyobaki ipite bila kugusa. Ukikisimamisha kisu juu ya kioo, unausaga ule mwinamo. Mgongo unakuwa bapa, unalala juu ya shaba, unasugua badala ya kukata. Utasukuma kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo, na kila ganda litakuwa linaumaliza ukingo kwa msuguano. Aliyekwisha kufanya hivyo, kisu chake kinahitaji mashine ya kunolea yenye kigawanyo ili kurudishiwa mwinamo. Kwa mkono hakirudi.

Unaonoa ni uso wa mbele. Hivi:

Shika kisu kwenye vaisi ndogo yenye taya za mbao au shaba, ncha juu. Paka uso wa mbele wa kila jino wino wa maka peni. Chukua jiwe dogo lenye ukingo mwembamba unaoingia kwenye mfereji: Arkansas gumu, au kijiti cha seramiki, au tupa ya almasi ya 600 kisha 1200. Weka tone la mafuta mepesi. Lilaze jiwe bapa kabisa juu ya uso ule, usiliinue hata kidogo. Vuta kuelekea ukingoni, msukumo mwepesi, mara tano. Tazama wino. Ukitoka wote sawasawa, umelaza vizuri. Ukitoka karibu na makali tu, umeinua jiwe, na hapo unaviringisha ukingo badala ya kuunoa.

Jino la pili mara tano, la tatu mara tano, la nne mara tano. Hesabu ile ile kwa kila moja. Rudia duru mpaka ule uzi mweupe upotee kwenye lenzi. Kwa kisu kilichochoka kawaida, duru mbili au tatu zinatosha. Kama baada ya duru tano uzi bado unaonekana, ukingo umeliwa sana au umebonyea, na hapo ni mashine au kisu kipya.

Mgongo unaguswa lini? Ni pale tu kunapobaki kinyweleo cha chuma kilichopindia upande wa ncha baada ya kunoa mbele. Mpito mmoja wa jiwe laini kuliko yote, ukifuata mwinamo uliopo, basi.

Ukimaliza, paka maka peni kwenye ncha za meno yote manne, rudisha kisu, kata ganda moja polepole kwa mkono, kisha litazame. Wino ukitoka kwenye meno yote manne, vizuri. Ukitoka kwenye moja tu, jino hilo limepanda kuliko wenzake na ndilo linalofanya kazi peke yake. Kisu cha meno manne kinachokata kwa jino moja kinaacha mdomo wenye ngazi na kinapiga kelele ya kutetema.

---

Kalibari30

Mkuu Fundi, hapo kwenye uso wa mbele na mgongo naomba wenye vifaa vya kampuni ya Lee wasome mara mbili.

Kile cha Lee hakina stopa ya kurekebisha, yaani kizuizi cha kuseti urefu. Kuna kipini cha urefu maalumu kwa kila kalibari, kinajifunga kwenye kisu, kinapita ndani ya ganda, kinatokea kwenye tundu la fataki na kugota kwenye kishikio. Umbali kati ya ncha ya kipini na ncha za meno ndio urefu wa ganda lako. Sasa ukipunguza ncha za meno kwa 0.05 mm, meno yamerudi nyuma, na kila ganda litatoka refu zaidi kwa 0.05 ile ile. Hutaona kitu kwa macho. Kalipa, kile kipimio cha taya, itaona, kama utapima.

Ukinoa mbele tu, kipimo hakibadiliki kwa kiasi cha kuhesabika. Na kama tayari umepunguza ncha, dawa ipo: punguza ncha ya kipini kwa kiasi kilekile, kwenye jiwe laini, kidogo kidogo huku ukikata ganda na kupima. Kipini kikifupika kisu kinashuka zaidi na ganda linarudi kwenye urefu wake. Ukipitiliza hakuna kurudi, unanunua kipini kipya.

Na kwa sababu kipini kinapita kwenye tundu la fataki: ganda lenye fataki hai lisikaribie kifaa hicho. Kipini kitaigonga.

Kwa trima zenye stopa ni rahisi zaidi, baada ya kunoa unaseti upya tu. Lakini usiseti kwa ganda ulilokata jana. Kata jipya, pima mara tatu ukilizungusha theluthi moja kila mara. Ukipata tofauti inayozidi 0.03 kwenye ganda hilohilo, mdomo umekatwa mshazari, shughulikia pailoti na koleti kabla ya kugusa stopa. Kalipa za kidijitali za bei ya kawaida zenyewe zina usahihi wa 0.02 hivi, kwa hiyo usifukuze namba ndogo kuliko hiyo.

---

Savana_Texas

Naomba kuuliza wakuu. Mimi natumia trima ya mota yenye kisu cha kabaidi cha njia tatu, kama kile cha Giraud: kinakata urefu na kutoa ndevu ndani na nje kwa mkupuo. Nacho kinanolewa hivyo hivyo? Na je, ni kweli kabaidi haichoki?

---

Almasi_1200

@Savana_Texas inachoka, ila kwa namna nyingine. Haispidi inaliwa polepole na ukingo wake unaviringika. Kabaidi inadumu sana, halafu inamega. Ni chembe ngumu za tangsteni kabaidi zilizoshikwa pamoja na kobalti, na chembe zile hazipindi. Pini iliyokwama, mdomo uliobonyea, kisu kuangukia sakafu ya saruji, ukingo umetoka pengo. Pengo hilo linajionyesha kwenye ganda kama mstari wa mduara uliochongoka, mahali palepale kwenye kila ganda. Ukiona hivyo usihangaike na kitu kingine, ni kisu.

Kunoa kabaidi ni almasi peke yake. Jiwe la Arkansas litateleza juu yake. Cherehe ya kijivu ya gereji, ile ya oksidi ya alumini, itapasha moto na kuacha ukingo wenye nyufa usizoziona. Unahitaji bamba bapa la almasi, 600 kwa pengo, 1200 kwa kumalizia, na maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Fanya kila wakati kukiwa na unyevu, na uvae barakoa, kwa sababu vumbi la kabaidi lina kobalti na si la kuvutwa kifuani. Futa kwa karatasi mbichi, usipulize.

Kwa kisu cha njia tatu, laza uso wa juu ulio bapa, ule mmoja mkubwa, kwenye bamba. Mipito kumi, angalia kwa lenzi, kumi tena. Ile V ya ndani isiguswe. Pembe za V ndizo zinazotoa ndevu za ndani na nje, na ukizibadilisha huwezi kuzirudisha nyumbani. Kama pengo liko kirefu kiasi kwamba lingehitaji kuondoa sehemu ya kumi ya milimita au zaidi, nunua kisu kipya, au kama chako kina ncha ya pili, kigeuze.

Kabla ya kulegeza skrubu, kata ganda moja na uliweke kando kama kielelezo. Ukirudisha kisu, kisogeze pembeni kidogo kidogo mpaka ukingo wa ndani na wa nje wa ganda jipya ulingane na wa kielelezo. Urefu unakuja mwisho. Watu wengi huanza na urefu, halafu wakisogeza kisu pembeni unaharibika tena.

Trima za namna hii zinapima kutoka kwenye bega la ganda (pale mwili unapopungua kuelekea shingoni), si kitako. Chenga moja ikinasa kati ya bega na kikombe chake, ganda hilo litatoka refu kwa unene wa chenga. Kabla ya kulaumu kisu, futa kikombe kwa kijiti cha pamba. Mafuta ya dai yakibaki begani ni yaleyale.

---

Kalibari30

Nimekupata Almasi. Vipi maganda yaliyopakwa nikeli?

---

Almasi_1200

Nikeli ile ni tabaka jembamba lakini gumu kuliko shaba, na ikikatwa inamenyeka kwa magamba. Haispidi inachoka nayo haraka. Ukiwa na kabaidi, tumia kabaidi. Ukiwa na haispidi tu, yatenge maganda ya nikeli, yakate mwisho kabisa baada ya ya shaba, halafu unoe. Yasichanganywe katikati ya fungu, kwa sababu utajikuta nusu ya maganda yamekatwa na kisu kimoja na nusu na kisu kingine, japo ni kilekile. Na ukitoa ndevu za ndani, angalia magamba ya nikeli yasibaki shingoni.

---

Jicho_Moja

Fundi nimekuelewa kuhusu mwinamo, shukrani. Sasa kasi. Nimefunga shafti kwenye drili ya betri badala ya mkono. Nasikia kasi kubwa inachoma kisu. Niende mizunguko mingapi?

---

Fundi_Kerezo

Joto silo tatizo hapo. Piga hesabu: shingo ya .308 nje ni milimita 8.7 hivi. Kwa mizunguko 500 kwa dakika, ukingo unasafiri chini kidogo ya mita 14 kwa dakika. Haispidi kwenye shaba inavumilia zaidi ya mara tatu ya hiyo bila wasiwasi.

Kinachoua kisu kwenye drili ni mkono unaoishika. Drili ina uzito na inayumba, shafti inapigapiga upande, jino linagonga badala ya kukata. Kisha kuna kule kukawia. Ukishagota kwenye stopa, hakuna shaba tena ya kukata, lakini drili inaendelea. Sekunde mbili kwa mizunguko 500 ni karibu mizunguko 17 ya kusugua bure, kwa kila ganda. Kwa mkono mtu anazungusha mara mbili tatu baada ya kugota, mdomo unasafishika, anatoka. Ukitumia drili, kaa 300 hadi 500, sukuma kwa nguvu moja isiyobadilika mpaka ugote, hesabu moja, toka.

Kusukuma kwa woga nako ni kosa. Msukumo mdogo sana hauliruhusu jino kuingia chini ya shaba, linateleza juu yake. Shaba iliyosuguliwa hivyo inakakamaa, na mzunguko unaofuata unakutana na ngozi ngumu kuliko mwanzo.

Na kitu kikubwa kuliko kasi: usirudishe kisu nyuma kikiwa kimegusa ganda. Ukizungusha kinyume, ukingo unaburuzwa kwa mgongo, chenga zinapita chini ya jino na kulimega. Wenye trima za mkono wanafanya hivi bila kujua, wanamaliza kukata halafu wanarudisha mkono nusu mzunguko ili kuachia. Endelea mbele huku ukivuta shafti nje. Kwenye drili, usiguse swichi ya kurudi nyuma mpaka ganda limetoka.

---

Bi_Msasa

Naunga mkono. Na kwa wanaopasha moto shingo ili zilainike: shingo iliyolainika inaacha ndevu zaidi hata kwa kisu kizuri. Usilinganishe ganda lililopashwa na lisilopashwa ukasema kisu kimechoka. Pima kisu chako kwa maganda ya fungu moja, yaliyofyatuliwa idadi sawa.

---

Mlenga_Mbali

Wakuu, nimerudi na majibu. Chini ya lenzi, meno mawili yalikuwa na kinundu cha njano, moja lina uzi mweupe urefu wote, la nne safi. Pailoti ilikuwa na mikwaruzo ya shaba na ndani ya koleti chenga zimeganda kwa mafuta ya dai. Nimesafisha vyote, nimenoa mbele duru tatu kwa kijiti cha seramiki, wino wa maka peni unatoka kwenye meno yote manne. .308 sasa zinatoka 50.92 hadi 50.95, na zinatoka chenga, si unga.

Limebaki moja. Kile kifaa cha mkono cha kutolea ndevu mdomoni, chenye ncha ya pembe nyuzi 45 upande mmoja, kinaacha mawimbi ndani ya mdomo. Nacho ni kunoa?

---

Fundi_Kerezo

Mawimbi ni kutetema. Kwanza punguza msukumo na zungusha polepole, robo tatu ya mzunguko mpaka mzunguko mmoja na nusu, usizidi. Unatafuta ukingo unaong'aa tu ili kichwa cha risasi kisikwaruzwe kinapoingia, si kuchonga mdomo uwe kisu. Mawimbi yakiendelea, noa kwa kanuni ileile: uso bapa wa mbele wa kila jino, hesabu sawa. Vile vya meno mengi membamba havina nafasi ya kupitisha jiwe, hivyo unabadilisha.

Ule mdomo wenye mawimbi, usitupe ganda. Likifyatuliwa na kurefuka tena litakatwa na mawimbi yataondoka.

---

Savana_Texas

Na pailoti iwekwe mafuta au ikae kavu? Nimeona wengine wanapaka kisu chenyewe.

---

Bi_Msasa

Pailoti ndiyo, kisu hapana. Pailoti inazunguka ndani ya shingo, shaba juu ya chuma, bila tone la mafuta inakwaruza na kushika shaba, kisha inanenepa na kuisukuma shingo upande mmoja. Tone dogo la mafuta mepesi kila maganda ishirini au thelathini, na uifute kila unapolipaka ili usijenge uji wa chenga. Kisu chenyewe kikae kikavu wakati wa kazi, brashi ya nailoni kila maganda kumi hivi.

Kazi ikiisha ndipo kisu kinapakwa mafuta, filamu nyembamba, kinaingia kwenye kichupa chake cha plastiki. Kisizurure kwenye droo pamoja na vishikio na pailoti. Walioko Houston au Florida, unyevu unatosha kuotesha kutu kwenye ukingo wa haispidi bila hata kuugusa, hasa kama kimekata maganda ambayo hayakusuuzwa asidi vizuri. Chenga zifagie kwa kitambaa kibichi, zisipulizwe. Zimechanganyika na masizi ya fataki, na humo mna madini ya risasi. Vaa miwani ukiwa unakata, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula.